Dawa Niliyoiita Vitamini

Kama daktari wa ngozi amekuandikia vile vidonge laini vya mafuta, vya kumeza kila siku baada ya kula ili vipele vya uso vikauke, basi haya maneno nimeyaandika kwa ajili yako. Sitaki kukutisha. Mimi nilivimeza miezi minane na vikaniponyesha, leo uso wangu uko safi. Lakini katikati ya miezi ile nilifanya jambo ambalo mpaka sasa linanifanya niiname nikipita mbele ya bibi, yaani mke, wa kaka yangu. Nikilificha, mwingine atalifanya.

Naitwa Ntumba. Nina miaka ishirini na saba na ninauza vilamba, yaani vitenge, katika duka la mama yangu hapa Lubumbashi. Vipele vilinianza nikiwa shuleni. Na usifikiri vile vidogo vya usichana vinavyokuja na kwenda. Vyangu vilikuwa majipu ya kweli, vinauma ukivigusa, asubuhi foronya iko na damu. Nilipaka ndimu, nilipaka dawa ya meno, nilipaka zile krimu za kung'arisha ngozi ambazo kila mtu anazikana na kila mtu anazo. Zikaniunguza mashavu, vipele vikabaki palepale. Siku moja mteja mmoja, mama mzima, alishika kilamba nilichokuwa ninamuonyesha, akaniangalia, akasema mbele ya watu, "Mutoto, na uso hii utapata bwana wapi?" Duka zima likacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya marobota nikalia.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi, kule mtaa wa Golf, kwenye nyumba za ukuta mrefu na maua. Watu wa mji wetu wanajua kusalimiana, ukiingia mahali bila kusalimu utaonekana mchawi. Lakini katika chumba kile cha kungojea hakuna aliyesalimia mtu. Wamama walikuwa wamevuta vitambaa mpaka kwenye nyusi, vijana wameweka simu mbele ya nyuso. Kila mmoja alikuwa anamuomba Mungu asikutane na mtu anayemjua. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Daktari, mwanamke mpole lakini hana mchezo, alinielezea. Dawa ile inakausha mwili mzima. Kila mwezi nitapimwa damu, na kila mwezi nitapimwa mimba, kwa sababu mtoto akiwa tumboni dawa ile inaweza kumharibu. Kwa hiyo lazima nitumie kitu cha kuzuia mimba mpaka nimalize, na mwezi mmoja zaidi.

"Daktari, mimi sina bwana," nilimwambia.

"Sikukuuliza kama uko na bwana. Nakuuliza kama umesikia." Akanisogezea karatasi. "Na hii dawa iko ya mwili yako peke yake. Usigawie muntu, hata mutoto ya mama yako."

Niliweka sahihi haraka, nilitaka tu kutoka. Sikutoka salama. Kwenye kolido muuguzi alisimama na kichupa mkononi akaita kwa sauti ya sokoni, "Ntumba! Mukojo ya test ya mimba, uko wapi?" Mama Véro wa kwaya yetu alikuwa amekaa pale na karatasi zake. Aliniangalia tumbo kwanza, uso baadaye. Nilitamani ardhi ipasuke. Muuguzi aliona nimesimama kama mti, akacheka kidogo, akanisogelea na kuniambia polepole, "Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Ingia pale, ukojoe." Nilikasirika naye. Leo ningemshukuru.

Nilipofika nyumbani nikafungua boksi. Juu ya boksi lenyewe na kwenye kila kipande cha vidonge kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mimba, amekatwa na mstari mwekundu. Sasa fikiri. Mama yangu ni kiongozi wa kundi la wamama wa parokia. Binti yake hajaolewa. Picha ile ingesema nini katika nyumba yetu? Ingesema Ntumba anatembea na wanaume na anakunywa vya kuzuia mimba, au mabaya zaidi, anatoa. Nilijifungia chumbani nikatoa vidonge kimoja kimoja, nikavitia katika chupa tupu iliyokuwa ya vitamini. Vipande vyenye picha nikavichoma na takataka. Boksi nikalificha chini ya nguo katika valizi, sanduku langu, kwa sababu tarehe zangu za kupimwa ziliandikwa juu yake. Na kila mwezi nilifanya hivyo hivyo.

Nilianza mwanzo wa kipwa, kiangazi chetu, wakati wa baridi na vumbi, wakati mbaya kabisa kwa dawa inayokausha. Mwezi wa kwanza vipele viliongezeka, nikasema nimeliwa. Kisha midomo. Ee Mungu, midomo! Ilipasuka pembeni, ikamenyuka, ikawa myekundu kama nimekula nyama mbichi. Bukari ya moto, yaani ugali, iliniunguza, pilipili ndiyo usiitaje, kucheka kuliniumiza. Pua ilitoka damu bila kunionya, mara moja ikadondokea kilamba kipya ambacho mama mmoja alikuwa anakipima kiunoni. Macho yalikuwa na mchanga tangu asubuhi, na mgongo uliniuma nikiinua robota kama bibi kizee. Nilitembea na kikopo cha vazelini mfukoni, nikapaka kila dakika, hata kanisani wakati wa mahubiri.

Na maneno yakaanza. Katika mji wetu, mtu akikonda kidogo, ngozi ikamenyuka, midomo ikawa myekundu, watu hawaulizi. Wanasema tu, "Ameanza zile dawa," maana yake za ukimwi. Kwenye kwaya, wakati wa kupeana amani, dada mmoja alinipa ncha za vidole. Nyumbani, shangazi aliyetutembelea alitenga kikombe changu pembeni ya vingine. Ningeweza kusema ukweli kwa maneno matatu. Lakini ukweli ulikuwa na picha ile juu yake.

"Ntumba, midomo yako iko vile juu ya nini?" mama aliniuliza.

"Ni vitamini, mama. Vitamini ya ngozi. Inasafisha damu."

"Ya Bulaya?"

"Ee, ya Bulaya."

Mama akaridhika, akaenda zake, na uongo wangu ukapata miguu.

Mtu mmoja tu hakubadilika. Mireille, bibi ya kaka yangu mkubwa Mukendi. Mireille si wa Kasai kama ukoo wetu, yeye anatoka Pweto, baba yake anauza samaki wakavu. Walikuwa wameoana mwaka uliotangulia na wanakaa nyuma ya nyumba yetu, katika uwanja mmoja. Siku shangazi alipotenga kikombe changu, Mireille alikichukua mbele ya watu wote, akakijaza maji, akanywa nusu, akanipa nusu. "Shemeki, hii maji iko baridi muzuri," akaniambia mimi wifi yake, basi. Jioni alinipaka asali midomoni na kidole chake. Sikumwambia hata yeye.

Kipwa kilipokaribia mwisho, uso wangu ulianza kufunguka. Nilijiangalia katika kioo cha duka na sikumjua msichana yule. Wakati huohuo Mireille alishika mimba yake ya kwanza. Mimba ikamsumbua, anatapika tangu asubuhi, uso wake ukajaa vipele. Mukendi hakuwepo. Yeye anaagiza unga wa mahindi kupitia Mokambo, anakaa kule mpakani wiki mbili, wiki tatu, anarudi na kulala siku mbili, anaondoka tena. Kwa hiyo mama ndiye aliyemtunza, na alimtunza vizuri, kama binti wa kumzaa.

Niliona vidonge vinapungua katika chupa. Niliona, sitadanganya hapa. Nilihesabu mara mbili. Lakini nikiuliza nani amechukua, wataniuliza dawa gani hii unaihesabu hivi. Nikajiambia labda nimekosea hesabu mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa mezani, mama, Mireille, mimi na mdogo wetu. Mireille akagusa mdomo wake akacheka. "Shemeki, vitamini yako iko na nguvu! Na miye midomo imeanza kupasuka."

Nilikuwa na tonge la bukari mkononi. Likabaki hapo.

"Njo miye nilimupa," mama akasema, na furaha yote. "Weye uso imekuwa muzuri vile, na yee iko na mutoto mu tumbo. Nani anapashwa kunywa vitamini kama haiko yee?"

Usimlaumu mama yangu. Katika nyumba zetu dawa haina mwenyewe. Akinunuliwa mtoto mmoja dawa ya minyoo, watoto wote wanafungua midomo. Sirupu ya kikohozi ya mwaka jana inangoja kikohozi cha mwaka huu. Anayejifungia na dawa yake peke yake anaonekana mchoyo. Mama alifanya kile ambacho mama mwema wa kwetu anafanya, na alikifanya juu ya neno langu.

"Aache, mama," nilisema. "Iko na nguvu sana kwa mwenye mimba."

"Vitamini?"

"Ee. Aache tu."

Basi. Ndiyo maneno yote niliyosema. Vilikuwa vimeenda vidonge kumi na kimoja. Nilichukua chupa nikaifungia katika valizi pamoja na boksi, na kesho yake sikumpigia daktari simu. Wala kesho kutwa. Nilijiambia kumi na kimoja si vingi. Nilijiambia Mungu anaona sikukusudia. Nilikwenda kupimwa damu yangu kule Golf, daktari akaniuliza kama kuna jambo lolote, nikamjibu midomo tu. Wiki mbili nilikula meza moja na Mireille nikimuangalia tumbo, na nilinyamaza. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Kosa la chupa mtu angenisamehe, lakini zile wiki mbili nilizichagua mimi, siku baada ya siku.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Mireille akaanza kutoka damu. Kwenye kituo cha afya walimwambia alale, asiinue kitu. Damu ikapungua, ikarudi. Mama akampigia simu Mukendi arudi, na kabla Mukendi hajafika akawa amefika shangazi mwingine, Tantine Mbombo, dada wa marehemu baba yetu.

Kwetu Bakasai kuna sheria tunaiita tshibawu. Mwanamke wa ndoa akiteleza na mwanaume mwingine, lazima aungame mbele ya ukoo. Akificha, sheria inampiga bwana, au inampiga mtoto. Kwa hiyo mimba ikisumbua, wakubwa hawaanzi na daktari, wanaanza na swali. Siicheki desturi yetu, imelinda nyumba nyingi. Lakini siku ile ilikuwa inatafuta kosa kwa mtu asiye nalo, na mwenye kosa alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

Ilikuwa saa nane mchana, katika sebule ya mama. Mireille amelazwa kwenye kiti kirefu, kilamba mpaka kifuani. Mukendi amekaa mbali naye, na tangu asubuhi alikuwa amekataa hata maji kutoka mkono wa bibi yake, kwa sababu Tantine alimkataza, sheria isimpige.

"Mwana wangu," Tantine akasema, na hakuwa na ukali, hilo ndilo lililoniumiza. "Weye haujue desturi yetu, njo maana ninakuelezea polepole. Sema tu. Ukisema, mutoto atapona. Iko nani?"

"Tantine, hakuna muntu."

"Bwana yako anakaa Mokambo wiki tatu. Siye wote tuko bantu, tunaelewa."

"Hakuna! Mukendi, waambie. Mukendi!"

Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Mama alikuwa analia ndani ya kitambaa. Mireille aliweka mkono juu ya tumbo. Kisha akauliza, na sauti ndogo, "Nikitaja jina moja, mutoto atapona kweli?"

"Atapona."

"Basi nitataja."

Jamani. Alikuwa anatafuta jina. Nilimuona anatafuta, macho yake yanazunguka ukutani, anachagua mwanaume gani ampe ili mtoto wake aishi. Na akilitaja tu, ndoa imekwisha, na jina lake limekwisha, hapa na mpaka Pweto. Nilitua sinia chini. Nilikimbia chumbani, nikamwaga valizi, nikarudi na boksi nikaliweka juu ya meza, picha juu.

"Asitaje muntu," nilisema. "Wa kuungama ni mimi. Ile haikuwa vitamini."

Tantine alichukua boksi akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Aliiangalia picha, mwanamke na mstari wake, kisha akanipa macho ambayo sitayasahau. Niliwaeleza yote, uso wangu, karatasi niliyoweka sahihi, chupa. Mama alirudia neno moja tu, "Uliniambia vitamini. Uliniambia vitamini." Mukendi alikuwa amesimama. Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

Mireille hakulia. "Shemeki. Tangu ile siku tulikula ku meza ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

Aligeuza uso kwa bwana yake. "Unipeleke kwa docteur," akamwambia, na Mukendi akambeba kama alivyo, na kilamba chake.

Tulirudi katika kile chumba cha kungojea, safari hii ukoo mzima, na mimi nilisalimia kila mtu. Daktari aliagiza Mireille apigwe picha ya tumbo. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Mama alianza kumshukuru Mungu kwa sauti, daktari akamshika mkono. "Mama, sijui kama damu imetoka juu ya dawa. Na sitawadanganya. Wengine mimba inatoka, wengine wanazaliwa na kasoro, wengine wanazaliwa wazima. Tutaangalia kila mwezi." Kisha akafungua faili langu, akatoa karatasi yenye sahihi yangu, akaiweka mbele yangu. Niliisoma mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza.

Nilitaka kutupa vidonge vilivyobaki. Daktari alikataa, akasema kuvitupa hakutavitoa katika mwili wa Mireille, na dawa yenyewe haina kosa. Kwa hiyo nikaendelea, mbele ya watu. Kila siku baada ya chakula mama mwenyewe aliweka boksi juu ya meza, akakaa akaniangalia mpaka nimeze. Mara ya kwanza nililia. Baadaye ikawa desturi. Midomo iliendelea kupasuka, na mtu akiniuliza kanisani nilimjibu, ni dawa ya vipele, inakausha. Huwezi kuamini jinsi maneno ya watu yalivyokwisha.

Tantine alirudi na kuku wawili na kilamba kipya, akapiga magoti mbele ya Mireille, mtu mzima vile. Mukendi naye aliomba msamaha wake, hayo ni ya kwao wawili. Mimi nilifua nguo za Mireille mvua zote, nikamchotea maji, nikamsindikiza kwenye kila kipimo. Damu ilikuwa imeacha. Alikubali kila kitu nilichofanya, na hakuniita shemeki. Aliniita Ntumba.

Gracia alizaliwa kipwa kilipoanza tena. Moyo mzima, mikono mizima, sauti ya kuamsha mtaa. Sikio la kushoto zima. Sikio la kulia lilikuwa kipande kidogo cha nyama kilichojikunja, na shimo limeziba. Daktari alisema sikio moja litamtosha kusikia na kusema, na sikio lenyewe labda litashonwa akikua. Mireille alimshonea kofia ya sufu. Gracia alivaa kofia kwenye jua, alivaa kofia kwenye ubatizo, na hakuna mtu wa nje aliyejua kuna nini chini yake.

Wiki iliyopita walikuja dukani, Mireille na mtoto, kuchagua kilamba. Akaingia mama mmoja mteja, akaacha vitambaa vyote, akaniangalia mimi. "Aa, mutoto! Hii ngozi! Unapakalaka nini? Niambie na miye, binti yangu iko na bipele sana, anakataa hata kutoka mu nyumba."

Mireille alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yake. Nilifungua mdomo, na nitakuambia ukweli, neno lililokuja mbele ni sabuni. Sabuni tu, mama, na maji mengi. Ingekuwa rahisi hivyo.

"Shemeki," Mireille akasema. Nilikuwa sijalisikia neno lile tangu mvua ya kwanza.

Alifungua kamba chini ya kidevu cha mtoto wake, akamvua kofia, akamgeuza ili upande wa kulia uonekane.

"Muelezee," akasema.

Nikamuelezea yule mama yote, mpaka zile wiki mbili.